Nani Atajibu? Mkristo Mbele ya Vyombo vya Kisasa



Kuna mabishano yanayorudi kila mara katika nyumba zetu, na hata katika vikundi vyetu vya vijana na vya wamama. Ni juu ya telefone, kompyuta, televisheni, na sasa mashine zinazoitwa akili bandia, ambazo zinaandika barua na kuiga hata sauti ya mtu. Wengine, zaidi wazee, wanasema: hivi ni vitu vya dunia, vimekuja kuharibu watoto wetu, mwenye kutaka kuokoka avitupe. Wengine, zaidi vijana, wanajibu: chombo ni chombo tu. Kisu kinakata nyama na kinaua mtu, kosa si la kisu.

Majibu haya mawili yanapigana, lakini yametoka tumbo moja. Yote mawili yanampumzisha mtu. Anayesema kwamba telefone ni ya Shetani, siku akikosa kwa njia ya telefone atamtwika Shetani kosa lake. Anayesema kwamba chombo ni chombo tu, hataki kuuliza neno lingine: kimetoka wapi, kimepita katika mikono ya nani, na kikishatoka mkononi mwangu kinaenda kumfanya nini jirani yangu.

Sisi tunaomba waamini waulize swali lingine: kwa jambo linalofanyika kwa njia ya chombo hiki, nani atajibu mbele ya watu na mbele ya Mungu?

1. Mungu aliuliza juu ya ndugu

Someni Mwanzo sura ya 3 na ya 4. Mungu alipomwita Adamu katika bustani, Adamu alimsukumia mwanamke, mwanamke akamsukumia nyoka. Hakuna aliyesema: ni mimi. Kisha Kaini akamuua Habili. Angalieni vizuri: Biblia haituelezi Kaini alitumia chombo gani. Labda jiwe, labda fimbo, labda jembe lake la kulimia, maana alikuwa mkulima. Mungu hakuuliza juu ya chombo. Aliuliza juu ya ndugu, na Kaini akajaribu kukwepa kujibu.

Tangu siku ile vyombo vimeongezeka sana, lakini tabia ya kukwepa imebaki ileile. Na hapa ndipo hatari ya vyombo vya kisasa ilipo. Jiwe la Kaini lilikuwa mkononi mwake, damu ilionekana. Chombo cha leo kinaweza kufanya kazi mbali sana na mtu anayekitumia, hata asione damu wala machozi. Kadiri chombo kinavyokuwa na nguvu, ndivyo kinavyoweza kumficha mtu anayepaswa kujibu.

2. Chukudu yetu

Tuanze na chombo chetu wenyewe. Kila mtu wa Goma anajua chukudu. Imechongwa kwa mti, magurudumu yake ni ya mti yaliyovikwa mpira wa matairi ya zamani, na breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Inateremka toka Kibumba na viazi, makabichi na makala, mizigo ya mamia ya kilo. Imelisha mji huu miaka mingi, imesomesha watoto, imejenga nyumba za mbao. Ndiyo maana mji uliisimamishia sanamu, na ile njia panda tunaiita Chukudu mpaka leo.

Chukudu nayo ni teknolojia. Asidanganywe mtu kwamba teknolojia ni ile tu inayotoka Ulaya ao China. Lakini iko tofauti moja. Kwa chukudu, hakuna kinachofichwa. Fundi aliyeichonga anajulikana, ana jina na ana mtaa. Mti ulikatwa kwenye shamba la mtu fulani. Anayeisukuma anaonekana, jasho lake linaonekana. Breki ikikosa kushika na mtoto akagongwa, watu wanajua wamwendee nani. Hakuna anayeweza kusema: sijui, ni mfumo.

Hatusemi kwamba watu wote warudi kwenye chukudu. Tunasema chukudu inatufundisha kipimo. Chombo chema ni kile ambacho, ukifuata kamba yake mbele na nyuma, unafika kwa mtu anayekubali kujibu. Tuchukue sasa kipimo hiki tukipeleke kwa telefone.

3. Udongo wa Masisi ulio mfukoni

Ndani ya telefone mnamo vipande vidogo sana vinavyotunza umeme. Baadhi ya vipande hivyo vinatengenezwa kwa madini yanayoitwa tantali, na tantali inatoka katika coltan. Coltan inachimbwa Rubaya, katika Masisi, si mbali na hapa tunapoabudu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya coltan yote ya dunia. Kobalti iliyo katika betri nyingi inatoka upande wa Kolwezi. Kwa hiyo, ndugu, anayeshika telefone anashika Congo mkononi.

Coltan hiyo inachimbwa kwa beleshi, kwa sururu na kwa mikono. Vijana wanaingia mashimoni na taa kichwani, wanabeba mifuko mgongoni, na mvua ikinyesha sana udongo unaanguka. Mwaka wa 2000 bei ilipopanda kwa ghafla, wengi waliacha mashamba na shule wakakimbilia mashimo. Kisha bei ikaanguka, na aliyekuwa ameacha shamba akabaki bila shamba na bila feza. Tangu wakati huo vikundi vya silaha havikuacha kugombania milima ile. Mwishoni mwa mwezi wa nne 2024, Rubaya iliingia mikononi mwa M23.

Sasa tuulize: nani anajibu kwa kijana aliyefunikwa na udongo? Mnunuzi wa kwanza anasema: mimi nimenunua tu. Msafirishaji anasema: mimi nimebeba tu. Kiwanda cha mbali kinasema: sisi tunanunua kwa wauzaji wenye karatasi. Dukani wanasema: sisi tunauza tu. Na mimi na wewe tunasema: nimenunua kwa kuongea na mama yangu. Kila mmoja ana maneno yake, na kifo cha kijana kinabaki bila mwenyewe. Hiyo ndiyo dhambi kubwa ya vyombo vya wakati huu: inagawanywa vipande vidogo vidogo mpaka hakuna anayesikia uzito wake.

Mtu atasema: basi tutupe telefone? Hapana. Kuitupa hakutamtoa kijana shimoni. Lakini Mkristo hawezi tena kusema kwamba chombo ni chombo tu. Chombo kina jasho la mtu ndani yake. Asiyekubali hata kulikumbuka jasho lile, anapoombea amani ya Kivu anaomba nusu tu.

4. Volkano: chombo kinasema, mtu anajibu

Sasa tuinue macho tuangalie Nyiragongo, mlima ambao hakuna mtu wa Goma anayeweza kuusahau. Tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 1977 lava iliteremka kwa mbio kubwa na kuua watu mashambani. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, siku ya Jumamosi jioni, ilitoka tena, ikameza nyumba upande wa Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 32 walikufa.

Hapa Goma tuna kituo cha kuchunguza volkano, kinachojulikana kwa jina la OVG. Wana vyombo vya kupima mitetemeko ya ardhi, vya kupima gesi, na vya kuona kama ardhi inavimba. Baadhi ya waamini wanauliza: je, kutumaini vyombo hivi si kumkosea Mungu imani? Tunajibu: hapana. Wazee wetu waliujua ule upepo mbaya unaokaa mabondeni na kuua mbuzi na watoto, wakauita mazuku. Wenye vyombo wanasema ni gesi ya kaboni, ambayo ni nzito kuliko hewa na inalala chini. Mzee na chombo wanasema ukweli mmoja. Aliyempa mzee macho ndiye aliyempa mtaalamu akili.

Lakini sikieni yaliyotokea. Mwaka wa 2020 msaada wa Benki ya Dunia uliokuwa unasaidia kituo kile ulikwisha, haukuendelezwa. Miezi mingi ikapita wataalamu hawana feza ya intaneti ya kupokea habari toka kwa vyombo vilivyo mlimani. Mashine zilikuwa pale, watu wenye elimu walikuwa pale, lakini kamba iliyowaunganisha ilikuwa imekatika. Ilikuja kurudishwa katika mwezi wa nne 2021, karibu mwezi mmoja tu kabla ya moto.

Tuseme ukweli wote, maana Mungu hapendi ushahidi wa nusu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba safari ile mlima ulitoa dalili za mwisho kwa muda mfupi sana, chini ya saa moja. Labda hata intaneti ingekuwapo miezi yote, onyo lingechelewa. Hatumhukumu mtu. Lakini swali linabaki: mji mzima, wenye watu wengi hivi, ulilala miezi ile yote chini ya mlima wa moto, na hakuna aliyesema: mimi ndiye ninayejibu kwa usalama wao. Chombo kinaweza kusikia mlima ukitetemeka. Hakiwezi kuwapenda watu wanaolala chini yake. Kazi hiyo ni ya mtu.

Nyuma ya siku tano, asubuhi ya tarehe 27 ya mwezi wa tano 2021, mkuu wa jimbo aliamuru watu wa mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya Goma watoke. Mamia ya maelfu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Wengi waliteseka njiani, na wengine walinung'unika baadaye kwa sababu moto haukutoka tena. Lakini amri ile ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na jina, sura na saa. Mtu aliweza kumwendea mkubwa huyo na kumuuliza: kwa nini ulitutoa? Neno lenye mwenyewe, hata likikosea, linaweza kusahihishwa. Neno lisilo na mwenyewe halisahihishwi kamwe.

5. Maneno yasiyo na mwenyewe

Hapo tunafika kwenye jambo linalotugusa kila siku, wababa, wamama na vijana. Ujumbe unaingia katika telefone: volkano itatoka usiku huu, chakula fulani kina sumu, watu wa kabila fulani wamepanga hivi. Nani ameandika? Hakuna jina. Umetumwa na dada, dada ametumiwa na motari, motari ametumiwa katika kikundi. Kila mmoja anasema: mimi nimepitisha tu. Ni maneno yaleyale ya mnunuzi wa coltan.

Tukumbuke Ebola. Toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020 ugonjwa ule uliua watu 2,287 katika pande zetu. Wakati ule kulikuwa chanjo, iliyobebwa katika masanduku ya baridi kali kuliko barafu. Kulikuwa dawa mpya, na moja kati yao ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka wa 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa Congo, alishiriki. Hiyo ni teknolojia yenye uso: mgonjwa mmoja alitoa damu yake ili wengine wapone. Ugonjwa ulipofika Goma mwezi wa saba 2019, ulizuiwa haraka. Lakini wakati huohuo maneno yasiyo na mwenyewe yalikuwa yanatembea kwa midomo na kwa telefone: kwamba Ebola ni biashara, kwamba waganga ndio wanaoua. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa nne, daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini. Aliyepitisha tu hakushika silaha. Je, Mungu hatamuuliza neno?

Na katika kanisa la kinabii kama letu, swali hili linatuhusu zaidi ya wote. Siku hizi kuna watu wanaotuma unabii kwa sauti katika telefone, usiku, kwa watu wasiowajua, na mwisho wa sauti ile kuna namba ya kutuma feza. Kesho namba imefungwa. Wengine wanaweza hata kutengeneza, kwa mashine, sauti ya mchungaji unayemjua, ikisema maneno ambayo hakuyasema. Someni Kumbukumbu la Torati 18, mistari ya mwisho. Pale Mungu anafundisha namna ya kumpima nabii: neno lake likisemwa, lingojewe, na asipokuwa mkweli, ajulikane. Lakini utampima namna gani mtu usiyemjua jina wala nyumba? Unabii usio na mwenyewe hauwezi kupimwa, na usioweza kupimwa usipokelewe.

6. Papa Simon Kimbangu alijibu

Tukumbuke mwanzo wetu. Reli toka Matadi mpaka Léopoldville, iliyokamilika mwaka wa 1898, haikujengwa kwa ajili ya Injili. Ilijengwa ili kubeba mali ya nchi yetu kuipeleka baharini. Lakini mwaka wa 1921, habari ya Nkamba ilipoenea toka mdomo mpaka mdomo, watu waliacha kazi, wakajaza gari za moshi zile wakimwendea Papa Simon Kimbangu. Chombo cha wenye nguvu kilibeba maskini wa Mungu. Basi, tusiseme kwamba vyombo vya wageni ni vya Shetani.

Lakini kilichofanya habari ile iaminiwe haikuwa reli. Tarehe 6 ya mwezi wa sita 1921 wakubwa wa serikali walikuja kumkamata, akawaponyoka. Miezi mitatu waliendelea kumtafuta. Angeweza kukimbilia mbali, akatuma maneno toka mafichoni, na wengine wakapigwa kwa ajili yake. Tarehe 12 ya mwezi wa tisa alirudi Nkamba, akajitoa mwenyewe. Tarehe 3 ya mwezi wa kumi alihukumiwa kufa huko Thysville; mfalme wa Ubelgiji akabadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha. Akafungwa Elisabethville miaka 30, mpaka alipokufa tarehe 12 ya mwezi wa kumi 1951.

Huyo ndiye mtu anayejibu. Neno lake lilikuwa na mwili, na mwili ule ulikubali kulipa. Yeye mwenyewe alimfuata Bwana Yesu, ambaye pale bustanini hakujificha walipokuja na taa na silaha, lakini alitoka mbele akawauliza wanamtafuta nani. Adamu alijificha katika bustani. Kristo alitoka katika bustani. Kila mara unaposhika chombo chenye nguvu, uko kati ya bustani hizo mbili.

7. Tufanye nini?

Mtu anaweza kutuambia: mnaweka mzigo mkubwa sana. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilipofika mjini, umeme na maji vilikatika, mabanki yakafungwa, na mama aliyekuwa hana unga alipata feza ya mtoto wake wa Kinshasa kwa njia ya telefone. Je, mama huyo aanze kwanza kuuliza juu ya kiwanda cha China? Neno hilo ni la haki. Hakuna anayeweza kujibu kwa mambo yote ya dunia. Mungu hatuombi hivyo. Anatuomba kila mmoja ajibu kwa kipande kinachopita mkononi mwake, asikisukume kwa mwingine. Na yule mtoto wa Kinshasa, kwa kutuma feza ile, alijibu: alijulikana jina, na mama alijua ni nani wa kushukuru.

Kanisa letu lina maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Tuyalete hapa.

Upendo: usipitishe ujumbe ambao hungeweza kuusema kwa mdomo wako, mbele ya mtu unayemhusu, ukitaja jina lako. Usipige picha ya mtu aliyejeruhiwa ao aliyekufa ukaitembeza. Ni mtoto wa mtu, na mama yake pia ana telefone.

Amri: Mungu amekataza ushahidi wa uongo. Hakusema ni halali ukiwa umeupokea toka kwa mwingine. Unabii ukija bila mwenyewe, peleka kwa wazee wa kanisa. Na anayeomba feza kwa ajili ya unabii, umkimbie.

Kazi: vijana, jifunzeni vyombo hivi kwa nguvu. Tunahitaji watoto wetu kwenye kituo cha volkano, kwenye maabara, kwenye ufundi wa umeme na wa kompyuta, wawe watu wanaoweza kusimama na kusema: mimi ndiye ninayejibu. Na tunapokusanyika, tusisahau kuwaombea wachimbaji wa Rubaya na wa Kolwezi, na mwenye mtoto wa jirani anayetaka kuacha shule kwenda shimoni amsaidie kwa karo, kama ana uwezo.

Siku ile Bwana hatatuuliza telefone yetu ilikuwa ya bei gani, wala ilikuwa na nguvu gani. Atauliza juu ya ndugu zetu, kama alivyomuuliza Kaini. Tujitayarishe tangu leo kumjibu.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki nyote. Amina.